Jino la Utoto Lililotoboka: Si Kung'oa Tu



Kila tunapotembelea sharika tunaulizwa: kwa nini tuhangaike na jino la utoto ambalo litang'oka lenyewe? Swali ni la haki. Lakini magego ya utoto hukaa hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka ana miaka 6 au zaidi ya kuishi nalo, halali vizuri wala hali vizuri. Na gego likitolewa mapema, meno ya jirani husogea, jino la kudumu likakosa nafasi.

Tundu likiwa bado dogo, tabibu wa meno anaweza kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha akaziba kwa saruji maalumu inayoshika jino na kutoa madini ya floridi. Mashine haihitajiki, wala umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi. Tunafurahi kueleza kwamba njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Hudumu zaidi tundu likiwa upande mmoja wa jino. Likishika pande mbili, kizibo hutoka kwa urahisi.

Njia nyingine ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, inayopakwa kwa brashi ndogo ili kusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwa dakika chache, na kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi 6. Ila sehemu iliyooza hubaki nyeusi moja kwa moja. Mama mmoja aliikataa kwa meno ya mbele ya binti yake, akisema majirani watadhani mtoto hatunzwi. Hatukumlaumu. Tangu hapo tunaomba mzazi aonyeshwe picha kwanza, ndipo aamue.

Kung'oa kuna mahali pake: jino likiwa na usaha au jipu, dawa ya kupaka haifai tena. Mtoto akivimba uso na kuwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri siku ya kliniki.

Baadhi ya wafadhili wameuliza kama watununulie kiti cha meno. Tunawashukuru sana. Hata hivyo, kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika tungeomba kwanza vifaa vya mkono, saruji ya kuzibia na nauli ya tabibu kufika huko. Kamati nazo tunaziomba ziandikishe watoto wa chini ya miaka 6 wanaolalamika meno, kabla ya ziara ijayo. Wazazi waanze sasa kuwapiga mswaki jioni kwa dawa yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha njegere kwa aliyezidi hapo.