Umuhimu wa mtafiti wa afya haupimwi kwa marejeleo pekee

MTAFITI wa afya ya umma anapoomba kazi katika chuo kikuu au fedha za kuendeleza uchunguzi wake, mojawapo ya mambo ya kwanza kutazamwa ni makala aliyochapisha na mara ngapi wataalamu wengine wameyarejelea.

Hesabu hiyo ina uzito. Yaweza kuamua nani atapandishwa cheo na maradhi gani yatapata wafadhili. Lakini historia ya vyandarua vilivyotiwa dawa nchini Kenya inaonyesha kwamba hueleza sehemu tu ya kazi ya mtafiti.

Utaratibu wa kuhesabu marejeleo ulishika mizizi mwaka wa 1964, Mmarekani Eugene Garfield alipoanza kuchapisha faharasa iliyoonyesha makala gani ya sayansi yametajwa na nani. Mnamo 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa fahirisi ya h.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtafiti mwenye makala 40 ambayo kila moja imerejelewa angalau mara 40 ana fahirisi ya 40. Aliyeandika makala 200 yasiyosomwa na mtu hapati kitu, na aliyeandika makala moja mashuhuri hapati zaidi ya 1.

Kipimo hiki kina kasoro zinazojulikana. Hakishuki kamwe, hivyo huwapendelea wakongwe dhidi ya chipukizi. Aidha, hakibainishi anayesifiwa na anayekosolewa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, yaliyohusisha chanjo ya ukambi na ugonjwa wa usonji, yalirejelewa mara nyingi sana, mara nyingi na waliokuwa wakiyapinga. Jarida la The Lancet liliyafuta mwaka wa 2010.

Chukua mfano wa Robert Snow, mtaalamu wa malaria wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi na Nairobi, katika mpango wa utafiti unaoshirikisha taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza.

Mnamo 2005 yeye na wenzake, akiwemo Mkenya Abdisalan Noor, walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba watu waliugua malaria ya aina ya falsiparamu mara milioni 515 mwaka wa 2002. Idadi hiyo ilizidi kwa mbali makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Makala ya aina hii hurejelewa sana kwa sababu kila anayeandika kuhusu malaria huhitaji takwimu ya kufungulia hoja yake.

Kazi nyingine ya Snow ilianzia vijijini. Mwaka wa 1996 kundi alilokuwa nalo lilitoa matokeo ya majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika eneo la Kilifi. Vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 59 vilipungua kwa asilimia 33, na visa vya malaria mahututi kwa asilimia 44.

Matokeo hayo yaliunganishwa na ya majaribio kutoka Gambia, Ghana na Burkina Faso katika tathmini ya Christian Lengeler. Tangu hapo, anayetaka kuthibitisha manufaa ya vyandarua aliweza kutaja tathmini hiyo pekee. Rejeleo likaandikiwa tathmini, ingawa ushahidi ulitoka pia kwa akina mama wa Kilifi walioutundika wavu juu ya vitanda vya watoto wao.

Swali lililobaki lilikuwa la fedha: je, vyandarua viuzwe au vigawanywe bure? Noor, Snow na wenzao walifuatilia watoto katika wilaya nne za Kenya. Mwaka wa 2004, vyandarua vilipopatikana hasa madukani, asilimia 7.1 tu ya watoto walilala chini ya chandarua kilichotiwa dawa. Baada ya bei kupunguzwa katika kliniki, idadi ilifika asilimia 23.5 mwishoni mwa 2005. Vilipogawanywa bure mwaka wa 2006, ilipanda hadi asilimia 67.3, na pengo kati ya watoto wa maskini na wa matajiri likakaribia kutoweka.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2007 katika The Lancet, uligundua kwamba vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 44 miongoni mwa watoto waliotumia vyandarua hivyo. Agosti mwaka huo huo WHO ilipendekeza vyandarua vya kudumu vigawanywe bure au kwa ruzuku kubwa, ikitaja ushahidi wa Kenya.

Uamuzi huo haukuongeza hata nukta moja kwenye fahirisi ya h ya mtu yeyote.

Malalamiko kuhusu vipimo hivi yalizaa Azimio la San Francisco mwaka wa 2012, linalozitaka taasisi zipime utafiti wenyewe badala ya jina la jarida lililouchapisha.

Kwa hivyo, msomaji anapoambiwa kwamba msomi fulani amerejelewa mara maelfu, ana haki ya kuuliza maswali mawili zaidi: ni nani waliomrejelea na kwa sababu gani, na ni jambo gani lililobadilika hospitalini au kijijini kutokana na alichogundua.