Nauli ya Kufika Zahanati: Fedha za Afya Njema Hupangwa Katika Vikao Gani?

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Kasulu, wakati ule ikiwa bado pamoja na eneo ambalo leo ni Wilaya ya Buhigwe. Watafiti waliwahoji wanawake 1,322 kuhusu gharama za kujifungua. Sera ya Serikali ilikwisha kutamka kuwa huduma hiyo ni bure katika vituo vya umma. Hata hivyo, takriban wanawake 73 katika kila 100 waliojifungulia vituoni walieleza kuwa walitoa fedha mfukoni. Katika vituo vya Serikali, zaidi ya nusu ya gharama hizo ilikuwa ni usafiri.

Miaka imepita tangu utafiti huo, lakini fundisho lake halijachakaa. Mganga anaweza kuwa kazini na dawa zikawa kabatini, na bado mama akachelewa kwa sababu kijito kimefurika au kaya haina fedha ya bodaboda. Mwaka huo huo wa 2008, Tume ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Charity Ngilu wa Kenya alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilihitimisha kuwa afya ya watu hutegemea sana mazingira wanamozaliwa, wanamokulia, wanamofanyia kazi na wanamozeekea. Maji, barabara, chakula, kipato na elimu ndivyo vinavyoitwa vigezo vya kijamii vya afya.

Kwa mkazi wa kata, ugumu unaanzia hapo. Fedha za kushughulikia mambo hayo haziko katika mfuko mmoja. Kila mfuko una msimamizi wake na kikao chake. Asiyejua kikao kipi kinahusika hupeleka hoja ya barabara kwa mganga na hoja ya dawa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha hurudi nyumbani bila jibu.

Mifuko mingi, mwananchi mmoja

Mfuko wa kwanza ni wa kituo chenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na washirika wa maendeleo, hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati, vituo vya afya na hospitali. Matumizi yake husimamiwa na Kamati ya Usimamizi ya Kituo, ambayo ndani yake wamo wananchi wanaotumia kituo hicho, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati hupitia mpango wa kituo, hukagua mapato na matumizi, na huthibitisha dawa na vifaa vilivyopokelewa. Mipango ya vituo vyote huunganishwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, unaofuatiliwa na Bodi ya Afya ya Halmashauri.

Mfuko wa pili ni wa barabara. Barabara kuu ya Nyakanazi, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma iko chini ya TANROADS. Lakini safari ya mama mjamzito haianzii kwenye barabara kuu. Huanzia kwenye njia ya kijiji. Njia za vijijini ni jukumu la TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa dharura za uzazi na za watoto wachanga, upo pia mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: simu hupigwa bila malipo kwa namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, dereva wa jamii aliyesajiliwa huitwa, naye hulipwa na mfumo, si na familia. Hata hivyo, dereva huyo huhitaji njia inayopitika.

Mfuko wa tatu ni wa maji. Miradi ya maji vijijini husimamiwa na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huku uendeshaji wa kila siku ukiwa mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kituo cha kuchotea maji kinapokaa miezi kadhaa bila kutengenezwa, zahanati huona matokeo yake katika daftari la wagonjwa wa kuhara.

Mfuko wa nne ni wa lishe. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 42.3 ya watoto wa Mkoa wa Kigoma wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 31.8. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo huvuna maharage, mahindi na mihogo. Kwa hiyo tatizo si wingi wa chakula peke yake, bali pia aina za chakula, muda wa mama kumhudumia mtoto, na maradhi yanayorudi mara kwa mara. Kufuatia mkataba wa lishe uliosainiwa Desemba 2017 baina ya Serikali Kuu na wakuu wa mikoa, halmashauri zilielekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Kwa kata yenye watoto 3,000, hiyo ni sawa na shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Ni kiasi ambacho mwananchi anaweza kukiulizia kwa jina: kimetengwa? Kimetolewa? Kimefanya nini?

Mfuko wa tano unahusu kipato. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF hutoa ruzuku kwa kaya zinazotambuliwa kupitia mkutano wa kijiji, na huzihimiza kupeleka watoto wadogo kliniki. Sheria pia inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Yasiyosubiri bajeti

Si kila hatua husubiri fedha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza. Vikundi hivyo vilichimba vyoo, vilisafisha visima na kufyeka mazalia ya mbu kwa nguvu zao wenyewe. Leo Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kuhusu vyoo na usafi wa vyanzo vya maji, ambazo huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024, nao unawahitaji wananchi kuwachagua watu wanaowaamini, kwa kuwa ndio watakaoingia katika kaya zao.

Lini na wapi mwananchi husikika

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo husomwa taarifa ya mapato na matumizi, na hapo huibuliwa vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele vya vijiji hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni afisa mtendaji wa kata. Kikao hicho kina umuhimu wa pekee, kwa sababu ndipo maji, barabara, shule na afya vinapoweza kujadiliwa na watu walewale, siku ileile, kabla ya kutawanywa katika idara na wakala mbalimbali.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, na Baraza la Madiwani huwa limekwisha kupitisha mapendekezo yake katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Hoja inayoletwa Mei imechelewa. Wakati wake ni miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, vijiji vinapopanga vipaumbele.

Hoja yenyewe ni vema ibebe sababu ya kiafya. Kijiji kinachoomba kalavati kwa kusema tu kuwa barabara ni mbovu kitapanga foleni na vijiji vingi vyenye ombi hilohilo. Kijiji kinachoeleza, kwa kutumia daftari la zahanati, ni kina mama wangapi walijifungulia nyumbani au njiani katika masika yaliyopita kwa sababu kijito hakivukiki, kinaipa Kamati ya Maendeleo ya Kata kitu cha kupima. Takwimu hizo zipo kwa mganga mfawidhi, na wajumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Kituo wanaweza kuziwasilisha bila kutaja jina la mgonjwa yeyote.

Mkutano ujao wa kijiji utakapotangazwa, wananchi wanahimizwa kufika na maswali matatu: fedha za kituo chetu za robo iliyopita zimetumika kwa nini, shilingi 1,000 ya kila mtoto imefika wapi, na ni kizuizi gani kimoja, nje ya zahanati, kinachowachelewesha wagonjwa wetu kuliko vyote. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, kwa kuwa muhtasari ndio unaosafiri kutoka kijijini hadi katani, na kutoka katani hadi wilayani.