"Gold Diggers of 1933": Mutajiri aliyeogopa wasichana maskini

Hapa Kivu ao Ituri, ukisema "muchimba-zahabu", kila mutu anafikiria kijana anayeshuka mu shimo na sururu yake. Lakini Marekani, miaka karibu mia moja iliyopita, watu walikuwa wanaita vile musichana anayetafuta mwanaume juu ya mali yake. Ni lile jina ndilo lilipewa filme moja ya kuchekesha, yenye nyimbo na kudansa, iliyotoka mu mwaka wa 1933: Gold Diggers of 1933. Iliongozwa na Mervyn LeRoy, na Busby Berkeley ndiye alipanga dansi.

Ule mwaka Marekani ilikuwa mu shida kubwa. Benki nyingi zilifunga, na karibu mufanyakazi mumoja kati ya wane hakuwa na kazi. Filme inaanzia palepale. Wasichana waliovaa sarafu wanaimba kwamba makuta imejaa. Mbele wamalize, watu wa serikali wanaingia na kubeba nguo na vyombo vyote, sababu mwenye kupanga muchezo hajalipa madeni.

Polly, Carol na Trixie wanabaki bila kazi, mu nyumba moja, na wanafikia kuiba maziwa ya jirani. Brad, kijana mupiga piano anayeishi karibu nao, anamupenda Polly. Siku moja anatoa dola 15.000 kusudi muchezo mupya utayarishwe. Watu wanajiuliza: aliiba wapi? Kumbe ni mutoto wa familia tajiri ya Boston aliyeficha jina lake.

Mukubwa wake, Lawrence, anapopata habari, anakuja na avoka wa familia kuzuia ndoa. Hajamuona Polly hata siku moja, lakini ameshamuhukumu: musichana wa jukwaani, lazima anatafuta feza. Anamukuta Carol, anafikiri ndiye Polly, na anataka kumulipa aachane na Brad. Carol na Trixie wanakasirika. Wanamuacha na kosa lake, na wanamulipisha kofia za bei kali. Lakini wakati Lawrence anatoa sheki ya dola 10.000, Carol haipeleki benki. Anaitia mu kadre na kuitundika ku ukuta.

Hapo ndipo filme inageuza maana ya jina lake. Wa kwanza kutaja bei ya mapenzi si musichana maskini, ni mutajiri. Na Lawrence, aliyekuja kuvunja uchumba wa mudogo wake, anaishia kumupenda Carol mwenyewe.

Lakini filme haimalizikie ku furaha ya wachumba. Mu wimbo wa mwisho, Carol na mwimbaji mweusi Etta Moten wanaimba juu ya wanaume waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia, na sasa wanapanga mustari kungojea chakula cha bure. Watazamaji wa wakati ule walielewa mara moja. Mu mwaka wa 1932, maelfu ya wale waliokuwa askari walienda Washington kudai malipo ambayo sheria ilikuwa imeweka kwa mwaka wa 1945. Jeshi liliwafukuza.

Basi wasichana watatu wanapata wachumba wenye mali, na mutazamaji anafurahi pamoja nao. Wale wa mu mustari, hakuna mutajiri aliyekuja kuwachumbia.