Manyoya Matatu ya Mshale na Kifaa cha Kuyabandika

Mshale usio na manyoya hauaminiki. Ukiachwa utoke katika upote, huenda hatua chache tu, kisha mkia wake hutaka kuipita ncha, nao huyumba huko na huko kama kijiti kilichotupwa na mtoto. Mshale huo huo ukitiwa manyoya matatu nyuma huenda sawasawa mpaka shabaha. Jambo hili si uchawi. Manyoya hukamata upepo na kuuzuia mkia, na ncha, ambayo ni nzito, hutangulia. Tena yakibandikwa kwa kupindwa kidogo, huuzungusha mshale unapokwenda, na mzunguko huo huzuia kasoro ndogo ya wano isiuvute mshale upande mmoja tu.

Kwa sababu hiyo watu wa kale waliihesabu kazi hii kuwa ufundi kamili. Katika mji wa London, mwaka 1371, watengenezaji wa mishale waliomba watengwe na watengenezaji wa pinde, ili kila fundi ashike kazi moja na kuifanya vema. Mwaka 1417 Mfalme Henry V, alipokuwa akijiweka tayari kwa vita vya Ufaransa, aliamuru wakuu wa majimbo wakusanye manyoya sita ya mabawa kutoka kwa kila bata bukini. Merikebu ya vita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ubavu wake uliinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Katika mabaki yake ilipatikana mishale zaidi ya 3,500. Manyoya yenyewe yalikuwa yamekwisha kuoza, lakini alama za gundi, na za uzi uliozungushwa ili kuyafunga, zilionekana bado juu ya mawano.

Katika Kenya vilevile Wakamba, na Waata wa nyika iliyo nyuma ya pwani, walisifika tangu zamani kwa mishale yao, nao walipenda kutumia manyoya ya tumbusi, kwa kuwa ni makubwa na yenye nguvu. Fundi wa namna hiyo hakuhitaji chombo cha kupimia. Jicho lake lilikuwa rula, na vidole vyake vilikuwa jiriwa. Lakini jicho kama hilo halipatikani kwa siku moja. Mwanafunzi aliyeanza jana hawezi kubandika manyoya matatu kwa nafasi zilizo sawa juu ya ufito ulio mwembamba kuliko kidole cha mwisho. Hata akifaulu mara moja, mshale wa pili utatofautiana na wa kwanza, na mpigaji hatajua kama kosa ni la mkono wake au la mshale.

Ndipo kilipo na faida kifaa cha kubandikia manyoya. Ni chombo kidogo, nacho hukaa mezani. Chini kina mahali pa kuingiza pengo la mshale, yaani ule ufa unaoshika upote. Mahali hapo huzunguka, na kila kikifika theluthi moja ya mduara hukwama kwa mlio mdogo. Kando yake kuna kibanio kirefu cha kushika unyoya, na katika vifaa vingi kibanio hicho hushikwa mahali pake kwa sumaku.

Kwanza yampasa fundi achague manyoya ya bawa la upande mmoja. Manyoya ya bawa la kulia hupinda namna yake, na ya bawa la kushoto namna yake. Yakichanganywa katika mshale mmoja hushindana, hili likiuzungusha huku na lile kule. Kisha alisugue wano kidogo kwa msasa mwembamba na kulifuta, maana gundi haishiki penye mafuta. Unyoya hutiwa katika kibanio ili uti wake utokeze kidogo tu, hupakwa mstari mwembamba wa gundi, kisha kibanio hushushwa polepole mpaka uti uliguse wano mahali pote, mbele, katikati na nyuma. Hapo hapana budi kungoja. Gundi ikishika, kibanio hufunguliwa, mshale hugeuzwa theluthi moja, na unyoya wa pili hutiwa, halafu wa tatu.

Unyoya wa kwanza ndio wa kuangaliwa zaidi. Huo huwekwa uelekee mbali na upinde wakati mshale unapokuwa katika upote, ili yale mawili mengine yapite kando ya upinde bila kuugonga sana. Ukiwekwa vibaya, mshale hupigwa kumbo unapotoka, nao hupotea kabla haujafika po pote.

Mwishoni tone la gundi hutiwa juu ya ncha ya mbele ya kila unyoya, au uzi huzungushwa hapo. Wengi huliacha jambo hili kwa haraka, na hasara yake si ya shabaha tu. Mpigaji asiye na glovu huupitisha mshale juu ya mkono ushikao upinde, na ncha ya unyoya iliyobanduka yaweza kuingia katika nyama ya mkono kama sindano. Kwa hiyo mshale ambao unyoya wake umelegea usipigwe hata mara moja, mpaka utengenezwe.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kifaa hakina akili. Hukariri kosa kwa uaminifu ule ule kinavyokariri jambo jema. Kibanio kikiwekwa upande kidogo, mishale 12 yote itakuwa upande, na gundi na manyoya yote yatakuwa yamepotea. Fundi mwenye busara hutengeneza mmoja, akaupiga, akautazama unavyokwenda, ndipo aendelee na iliyosalia.

Siku hizi mishale ya namna hii ni ya michezo ya shabaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 inalinda wanyama wa porini. Tumbusi nao wamepungua sana, hata manyoya yao hayafai kutafutwa tena. Hakuna hasara katika hilo, kwa kuwa manyoya ya bata mzinga, anayefugwa nyumbani kama kuku, hufanya kazi vizuri, nayo ndiyo yatumiwayo na mafundi wengi duniani.

Wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Asiyengoja gundi ikauke hatapata mshale ulio sawa, hata kifaa chake kiwe cha thamani namna gani. Mshale ukiisha kuachwa hauna wa kuurudisha wala wa kuugeuza njiani. Kazi yote ya kuuongoza imekwisha kufanywa mezani, unyoya mmoja baada ya mwingine.