Kochi la Nyumba Yenye Bibi na Wajukuu

Nilipomwambia mwenzangu wa bweni ya kuwa nitaandika habari za makochi katika gazeti letu, alicheka sana, akasema hiyo ni kazi ya seremala, si ya mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Lakini nadhani wazazi wengi watakaosoma ukurasa huu wamepata kununua kochi wakajuta baadaye. Sisi nyumbani tulijuta kwa miaka minane, na sababu yake tuliijua juzi tu. Basi, naomba niieleze.

Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Nyumba yetu ina watu tisa nikiwamo mimi wakati wa likizo: Bibi mzaa baba, mwenye miaka 74 na magoti mabovu, Baba na Mama, dada yangu mkubwa, kaka yangu na mkewe na mtoto wao anayetambaa, na mdogo wangu aliye Darasa la Tatu. Sebule ni moja, na kochi ni la wote.

Kochi letu la zamani lilinunuliwa mwaka 2016 katika duka fulani la mjini. Kwa macho lilikuwa zuri mno, pana na laini. Siku lilipoletwa lilikataa kuingia ndani. Mlango wetu una upana wa sentimita 80, na kochi hilo, hata likigeuzwa namna gani, lilitaka 90. Fremu ya mlango ikang'olewa, na kovu la saruji lipo pale hata leo. Hapo ndipo tulipojifunza ya kwanza, nayo haihitaji maneno mengi: kabla ya kwenda dukani pima mlango, pima na ujia wa kuufikia huo mlango, uandike kwenye karatasi uende nayo.

Lakini kosa la mlango lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba kochi lile lilikuwa chini sana. Bibi akikaa alizama kama aliyetumbukia shimoni, na kila alipotaka kuinuka ilibidi watu wawili wamshike mikono wamvute. Tulizoea, hata hatukuona kuwa ni jambo. Mwezi wa Juni mwaka jana walikuja wageni kumposa dada yangu. Walipoaga, Bibi alitaka kusimama awasindikize kama ilivyo desturi. Kaka na mimi tukamvuta. Akainuka nusu, akateleza, akarudi chini kwa kishindo. Mdogo wangu akacheka. Wageni wakatazama mkeka.

Tangu siku ile Bibi hakukaa tena sebuleni. Alichukua kiti cha mbao cha jikoni akakiweka nyuma ya nyumba, na taarifa ya habari akawa anaisikilizia dirishani. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mume wangu, huku nje kuna upepo." Wenye bibi zao watanielewa nikisema kwamba haukuwa upepo.

Likizo ya Desemba Baba na Kaka walikusudia kununua kochi jipya. Kaka alitaka sofa la L, lile linalozunguka kona, kwa hoja kwamba watu tisa watakaa bila kubanana na wote wataona mpira. Mama alitaka kitambaa kisichoonyesha uchafu. Bibi hakuulizwa, wala hakusema neno. Mimi nilipewa futi kamba nipime sebule, na katika kupima nikaanza kujiuliza: mbona Bibi anainuka mwenyewe kwenye kile kiti cha jikoni?

Nilikipima. Urefu wake kutoka sakafuni ni sentimita 45. Kochi lilikuwa na 36, lakini hicho ni kipimo cha udanganyifu, kwa kuwa mtu akikaa sponji hubonyea. Nilimwomba Mama akae nikapima tena: 27! Yafaa wasomaji walishike hili, maana dukani hupimwa kochi tupu, hali nyumbani hakuna anayekalia kochi pasipo kulibonyeza.

Sasa nieleze kwa nini sentimita hizo zina nguvu. Mtu aliyekaa hawezi kusimama mpaka kitovu cha uzito wake kije juu ya nyayo zake. Usipoamini, jaribu bwaloni leo: kaa wima kwenye benchi, nyayo mbele, mgongo usiinamishe, kisha usimame. Hutaweza, hata uwe na nguvu za mcheza mpira. Sharti uiname mbele na urudishe visigino nyuma chini ya benchi. Katika kochi la chini magoti huwa juu kuliko nyonga, mwili umeegemea nyuma, na safari ya huo uzito kuja mbele huwa ndefu. Kijana hujirusha. Mzee mwenye magoti mabovu hana wa kumrushia.

Kutokana na hayo hufuata mengine matatu. Kwanza, chini ya kochi pawe wazi upande wa mbele, visigino vipate pa kurudi. Makochi mengi ya siku hizi yamezibwa hadi sakafuni. Tena, mikono ya kochi ifike mbele sawa na ukingo wa kikalio, iwe migumu, ili mtu aisukume kwa viganja. Mikono ya lile la kwetu ilikuwa minene na laini kama mito, ikaishia katikati ya paja. Na la tatu ni kina cha kikalio. Chetu kilikuwa sentimita 68. Paja la Bibi, kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, ni sentimita 45. Akiegemea, miguu ilining'inia. Akitua miguu, mgongo ulikosa pa kuegemea. Mdogo wangu naye ni hivyohivyo, ila yeye hupanda na kukunja miguu juu, jambo ambalo Bibi hawezi kulifanya mbele ya wageni.

Nilimweleza Baba, naye kwa kuwa ni mtu wa kutaka kuona, akasema tujaribu. Tukaweka matofali chini ya miguu minne ya kochi, safu moja, yenye unene wa sentimita 9. Bibi akaitwa. Bado alivutwa. Tukaongeza safu ya pili, tukamwekea mto mgumu mgongoni kupunguza kile kina. Bibi alikuwa akicheka, akasema leo amekuwa gari linalobadilishwa tairi. Kisha akainama mbele, akasukuma kwa mikono, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Kaka, ambaye alikuwa mlangoni amekunja mikono, alikaa kimya kidogo halafu akauliza, "Kwa hiyo ni sentimita ngapi?"

Msomaji ambaye wazazi wake hawana fedha za kochi jipya aweza kuishia hapo. Lakini asitumie matofali, maana huteleza. Amwambie seremala amkatie vigingi vinne vyenye shimo juu, miguu ya kochi iingie ndani yake, na aweke mto mgongoni.

Sofa la L lilikuwa na kasoro nyingine ambayo Mama ndiye aliyeitaja. Kwetu kukitokea msiba, au maulidi, sebule hutolewa vyombo vyote nje, mikeka ikatandikwa. Kochi zito lisilopita mlangoni litafanya nini siku hiyo? Tena katika kona ya L hukaa mtu mmoja ambaye hana pa kuweka magoti. Tukakubaliana juu ya vipande mbalimbali: kochi la watu watatu, viti viwili vya mkono, na stuli mbili. Na kwa kuwa miili ya watu tisa si sawa, hatukutafuta urefu mmoja wa kuwafaa wote, maana haupo. Kochi la watatu liwe na urefu wa kawaida. Kiti kimoja cha mkono kiwe cha juu, sentimita 48 kikiwa kitupu ili kikibonyea kibaki 45. Wazee wa pwani walilijua hili zamani. Kiti cha enzi, ambacho watu wa Lamu na Unguja humkalisha mgeni wa heshima, ni cha juu, kimenyooka mgongo, tena kina pa kuegeshea miguu.

Tukaenda kwa fundi badala ya dukani. Mbao hatukusumbuka, kwani Muheza ina shamba la mitiki la Longuza, na mtiki hausumbuliwi sana na mchwa. Muhimu ni mbao iwe imekauka. Mbichi husinyaa, viungo vikalegea. Na fremu ya ndani itazamwe kabla haijafunikwa kitambaa. Kiungo kizuri ni kile ambacho ncha ya ubao mmoja imeingia katika tundu la mwingine ikatiwa gundi. Msumari peke yake hauaminiki.

Juu ya sponji nilifanya hesabu ambayo fundi aliipenda. Watu huibonyeza kwa kidole wakasema ni nzuri, lakini mpya yoyote huwa nzuri. Ipime kwenye mizani. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, chenye unene wa 10, ni 0.025 ya mita ya ujazo. Cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa na gramu 400, yaani kilo 16 kwa mita ya ujazo. Hicho kingelala baada ya muda mfupi. Cha pili gramu 750, yaani kilo 30. Tulichukua hicho, ingawa bei yake ilimfanya Baba akune kichwa.

Kitambaa nitakipita upesi. Ngozi ya bandia hunata jasho katika joto letu na baadaye hubanduka. Chukua kitambaa kigumu, foronya ziwe na zipu zifuliwe, hasa penye mtoto anayejikojolea.

Kochi lililetwa Januari, siku chache kabla sijarudi shuleni, nalo lilipita mlangoni. Fundi alikuwa amekosea jambo moja: kwa kutaka kukipamba kiti cha Bibi alishona kitambaa cha mbele hadi chini, akaziba nafasi ya visigino. Tulimwomba akikate. Hakufurahi. Kaka naye hulalamika bado siku za mpira, kwa maana wakija rafiki zake wawili hukaa mkekani.

Mwezi wa Aprili wale wageni walirudi kuleta mahari. Nilikuwapo. Bibi alikaa kitini mwake kutwa nzima, na mdogo wangu alionywa mapema. Walipoaga nilijikuta nimekwisha kusogea karibu naye kwa mazoea, nimenyoosha mikono. Akanipiga kofi dogo la mkononi, akasema, "Nipishe, mume wangu." Akasimama, akajifunga upya kanga yake, akawasindikiza hadi barabarani.