Daftari Moja la Watu Wengi



Tangu Halmashauri ilipotoa shauri la kutia hesabu za matawi yote katika daftari moja la kompyuta, na kumbukumbu za mikutano ziandikwe kwa msaada wa akili bandia, wanachama kadha wa kadha wamenijia ofisini. Wengi wauliza mambo haya ni nini hasa. Mzee mmoja, mpimaji wetu wa siku nyingi, aliniuliza kwa hasira kidogo kama Chama kimechoka na watu. Kwa kuwa shauri hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, naona yafaa nieleze kadiri nijuavyo.

Kwanza daftari. Mpaka sasa kila tawi lina buku lake. Fedha za kuwalipa wachumaji, majamvi, magunia, vyote huandikwa humo, na mwisho wa mwezi mweka fedha wa tawi hupanda gari akaja na buku lake mkononi. Hukaa naye mezani, yeye akisoma, mimi nikitia alama. Daftari la kompyuta si hivyo. Karatasi yake ni moja tu, imehifadhiwa katika mashine kubwa zilizo mbali, na kila mwenye ruhusa huifungua kwa simu yake. Karani wa Konde akiandika neno, mwenziwe wa Mkoani huliona papo hapo, na jumla hujipiga yenyewe. Hakuna kunakili wala kungoja gari, na mwanachama akiuliza deni lake hujibiwa kabla hajavuta kiti. Faida hiyo ni kubwa, wala sipendi mtu aseme kuwa Katibu anaipinga.

Lakini msimu uliopita tulilijaribu daftari hilo kwa matawi mawili, na yaliyotokea sina budi kuyasema, kwa maana kosa lilikuwa langu. Usiku mmoja, macho yamechoka, niliandika kuwa tawi moja limepelekewa shilingi 610,000, na hakika zilikuwa 160,000. Asubuhi wajumbe walifungua simu zao wakaona tawi lile limepungukiwa na shilingi 450,000. Hakuna aliyeniuliza mimi, wala aliyemwuliza mweka fedha. Kila mtu aliona, na kila mtu alidhani mwenziwe keshauliza. Kabla ya adhuhuri habari zilikwisha fika barazani kuwa bwana yule amekula fedha za wachumaji. Alikaa siku mbili hakutoka nyumbani. Kilichomwokoa ni kipande cha stakabadhi kilichobaki katika kitabu. Nimemwomba radhi mbele ya Halmashauri, na hapa namwomba tena.

Katika buku la zamani kosa kama lile lingelala mezani kwangu mpaka mwisho wa mwezi, na lingekutwa na watu wawili wanaosoma pamoja. Sisi tulidhani kule kusoma pamoja ni kazi ya kupoteza wakati, kumbe ndiko kulikokuwa ulinzi wetu. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utoto kuwa deni huandikwa na mashahidi huwekwa. Hatukuambiwa kuwa mwandishi mzuri huondoa haja ya mashahidi.

Wako waliopatwa na makubwa kuliko haya. Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kutia katika matawi yake mfumo wa hesabu za kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mara mashine zikaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo wasimamizi wa matawi hawakuzichukua. Walipopiga simu makao makuu kulalamika, wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye taabu hiyo. Mapatano yao yaliwataka walipe upungufu, basi wakalipa kwa akiba zao, wengine wakauza nyumba. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa katika mahakama kwa wizi na udanganyifu, na mwaka 2010 mwanamke mmoja alitiwa gerezani naye ni mja mzito. Sheria ya huko iliichukulia kompyuta kuwa yafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na msimamizi wa duka dogo atathibitishaje yaliyomo ndani ya mashine?

Ukweli ulitoka pale walipoanza kukutana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wao, Alan Bates, aliyepokonywa tawi lake huko Wales mwaka 2003, aliwakusanya wenziwe, na watu 555 wakaishitaki Posta. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu za matawi, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Baadhi yao walikwisha kufa.

Ama akili bandia ni jambo jingine. Programu za namna hii, kama ile ChatGPT iliyotolewa kwa watu wote Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno lipi hulifuata lipi. Zaweza kusikiliza mkutano wa saa tatu na kutoa kumbukumbu kwa dakika chache, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nimeijaribu moja. Mwanachama aliomba Chama kimwongezee fedha za uchumaji, na Mwenyekiti akajibu, "Inshallah, tutalitazama." Sote tuliokuwapo tulifahamu kuwa ombi limekataliwa kwa adabu, na mwombaji mwenyewe alifahamu. Mashine iliandika: "Mwenyekiti ameahidi kulishughulikia ombi hilo." Neno si la uwongo, ila karatasi ile ingetiwa sahihi, mwakani tungedaiwa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Kwa hiyo nitakayoyapeleka mkutanoni ni haya. Daftari la pamoja tulichukue, lakini buku la karatasi la kila tawi libaki, na kila mwezi watu wawili wakae wasome yote mawili, mstari kwa mstari. Upungufu ukionekana katika simu usitajwe popote kabla mweka fedha hajaulizwa uso kwa uso. Kumbukumbu za mashine zisomwe mbele ya waliokuwapo kabla ya sahihi. Na mpimaji wetu, aliyeniuliza lile swali, aendelee kuandika mizani kwa mkono wake.

Mwenye shaka juu ya hesabu yake ya msimu uliopita afike ofisini Jumatatu mpaka Alhamisi kabla ya alasiri, na stakabadhi zake. Mabuku ya zamani yamo kabatini, nami nitakaa naye tuyasome.

Katibu