Jicho la Mbali, Jicho la Karibu

Tarehe 19 Oktoba 1996, ndege ya Delta yenye watu 63 ilikuwa ikishuka uwanja wa LaGuardia, New York, katika mvua na ukungu. Chini yake yalikuwa maji matupu ya ghuba, hakuna mti wala nyumba ya kumsaidia rubani kukadiria kimo. Ndege ikashuka mno, ikagonga nguzo za taa za kuongozea ndege.

Hakufa mtu. Lakini wachunguzi walibaini kwamba kapteni alikuwa amevaa lenzi zilizofanya jicho moja lione mbali na jingine karibu, na hilo wakaliweka ndani ya chanzo cha ajali. Utaratibu huo huitwa monovisheni. Ndio huohuo anaoelezwa leo mzee anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho.

Kisa ni hiki: daktari akitoa lenzi iliyoingia ukungu, huweka ya bandia, na ile ya kawaida huona vizuri umbali mmoja tu. Wengi huchagua mbali, kisha hununua miwani ya kusomea. Kwenye monovisheni, jicho tawala, yaani lile ubongo unalolipendelea, hupewa mbali. La pili huachwa na dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) kama moja au mbili za kutoona mbali. Likiachwa na moja na nusu, huona vyema sentimita 67 hivi, yaani kwenye kompyuta. Maandishi madogo ya kopo la dawa yanaweza bado kudai miwani, jambo ambalo halitajwi vya kutosha.

Ubongo hujifunza kulisikiliza jicho linalofaa kwa wakati wake. Si kila ubongo, hata hivyo. Gharama yake ni kina: kukadiria umbali wa ngazi, kumimina chai, kupishana na lori usiku. Tofauti ya macho mawili ikizidi, gharama nayo hupanda, ndiyo maana madaktari wengi hupendelea tofauti ndogo.

Lenzi za kuvaa za monovisheni, kama zile za kapteni, zina heri moja: zikikushinda, unazivua. Basi ambaye ukungu wake haujawa mzito aombe kuzijaribu wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa, apande ngazi nazo, asome nazo. Marubani wa Marekani wamekatazwa kuruka nazo. Dereva wa usiku aliyepasuliwa hivyo hajakatazwa, ila mara nyingi hushauriwa kuweka garini miwani ya kulifanya lile jicho la karibu lione mbali, hata kama alifanyiwa yote hayo ili aachane na miwani.